Riwaya ya paukwa: mwongozo kamili wa kuandika hadithi ndefu ya watoto

Ngano anayosimulia bibi barazani baada ya Isha huchukua robo saa. Riwaya ya mtoto wa miaka 8 mpaka 12 inatakiwa imchukue wiki mbili za jioni. Waandishi wengi huchukua ngano ya robo saa wakaivuta mpaka ikatike: binti anafukuzwa, anaingia msituni, anakutana na zimwi, anarudi tajiri, na ukurasa wa 20 bado haujafika. Hapo huongezwa zimwi la pili, kisha la tatu, na mtoto anafunga kitabu.

Ngano fupi haihitaji mtu mwenye moyo wa ndani. Binti Sultani ni mzuri, fisi ni mlafi, yamekwisha. Riwaya haiendi kwa sifa moja. Inahitaji kitu cha kumshughulisha mtoto kila siku, chenye kuchosha, kinachoweza kuharibika. Matumaini yakiandikwa kama hisia tu hayajazi hata sura mbili, lakini yakiandikwa kama kazi ya mkono yanajaza kitabu. Mwongozo huu umejengwa juu ya hilo, na tutatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo mpaka mwisho: Mize, miaka 10, kijiji cha pwani ya mashariki ya Pemba, upande wa Micheweni. Kijiji kipe jina la kubuni. Ukikipa jina la kweli, wenyewe watakuuliza mbuyu ule uko wapi, na badala ya kuandika utakuwa unajitetea.

Hatua ya kwanza: nani hayupo kwenye mkeka

Anza na nyumba, si na jini. Chora mkeka wa chakula cha usiku na uandike nani anakaa wapi. Kisha muondoe mmoja. Mmoja tu. Baba amepotea, mama anaumwa, nyumba inauzwa na mbuzi ameibwa: hiyo ni orodha ya misiba, na mtoto hajui alie kwa lipi.

Kwa Mize, aliyeondoka ni baba. Amekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Wavuvi wa Pemba, khasa wa Kojani, wanajulikana kwa kwenda dago mbali, hata mwambao wa Kenya. Huondoka msimu wa upepo wa kaskazi na kurudi kabla kusi haijashika. Wenzake baba wamerudi. Dau lake halijarudi.

Hapa kuna swali ambalo lazima ulijibu kabla ya kuandika mstari wa kwanza: baba yu hai? Usiseme utaona mbele ya safari. Mtoto msomaji ataliuliza kwenye sura ya pili, na kila sentensi yako itakuwa na harufu ya jibu au harufu ya kutojua. Andika jibu kwenye karatasi, libandike ukutani.

Hatua ya pili: kazi ya mkono

Mpe mtoto kazi yenye sifa nne: anaiweza kwa umri wake, inarudiwa, inahitaji kitu ambacho nyumbani hakitoshi, na inaweza kushindikana kwa sababu ya kawaida kabisa. Kusali na kungoja hakutoshi, si kwa sababu ni kubaya, bali kwa sababu msomaji haoni kitu kikitendeka.

Mize atawasha kandili juu ya jabali lililo kwenye mwamba, usiku saba wa giza mfululizo, na mafuta ya kila usiku yatoke nyumba tofauti. Sasa fanya hesabu, kwani watoto huzifanya. Kandili ndogo yenye utambi mfupi hula kiasi cha robo lita tangu usiku unapoingia mpaka alfajiri, yaani kikombe kimoja cha chai. Usiku saba ni vikombe saba. Nyumba yake haina hata kimoja cha ziada, kwa hiyo anabisha hodi. Tazama namna kikombe kimoja kilivyokuletea nyumba saba, na nyumba saba ndiyo riwaya.

Ijue kandili yenyewe. Ina tangi la mafuta, utambi, kichwa cha kuupandisha na kuushusha, chemni ya kioo na mkono wa kuibebea. Utambi ukipandishwa sana unatoa moshi na chemni inakuwa nyeusi. Chemni ya moto ikidondokewa na tone la mvua inapasuka. Hiyo chemni iliyopasuka ni ya thamani kuliko mazimwi kumi: msomaji ataamini maafa hayo kwa sababu anaweza kuyaona jikoni kwao.

Hatua ya tatu: uchawi na bei yake

Kipande hiki ndicho kinachogawa vitabu vizuri na vibovu, kwa hiyo tukae nacho.

Uchawi wa ngano uwe na kanuni zisizozidi tatu, zitajwe mapema, zisivunjwe. Na uwe na bei. Uchawi wa bure unaua matumaini, kwani kama pete ikisuguliwa baba anarudi, hakuna cha kutumainia, kuna cha kusugua tu. Bei isiwe dhahabu. Iwe kitu ambacho mtoto anacho na hataki kukitoa.

Kwa Mize tumeweka hivi. Kila kikombe cha mafuta kinalipwa kwa kumbukumbu moja ya baba. Anaisimulia kwa wenye nyumba, na akishaisimulia yeye mwenyewe anaisahau, inabaki kwao. Nyumba ya kwanza anatoa kitu kidogo: namna baba anavyopiga chafya. Nyumba ya pili, wimbo anaoimba akishona nyavu. Kufika ya saba amebakiwa na kimoja, uso wake. Hapo riwaya imeshika, kwa sababu kila taa inayomwita baba inampunguza baba. Na ufumbuzi umeshakuja wenyewe bila kuulazimisha: nyumba saba zina vipande saba, na usiku wa mwisho wenyewe wanakuja ufukweni kumrudishia kimoja kimoja. Familia ikarudi kuwa kitu cha kujengwa na watu wengi, na hilo limetendeka bila mhusika yeyote kulisema.

Nani anampa masharti haya? Jini ni rahisi mno, na kwa Pemba lina tatizo la ziada. Majini na waganga hapa si mapambo ya hadithi, ni mambo ambayo watu wanaishi nayo, na mzazi atakayenunua kitabu atakiangalia kwanza. Tunashauri mnyama. Popo wa Pemba yupo, na hapatikani popote pengine duniani. Ni mkubwa, mabawa yakikunjuliwa yanapita mita moja na nusu, manyoya yake ya rangi ya machungwa yaliyoiva, mabawa meusi. Hula matunda. Mchana huning'inia mtini pamoja na wenzake, kama pale Kidike, na usiku huruka kutafuta chakula. Kwa hiyo asizungumze na Mize saa sita mchana akiwa macho makavu. Na usimfanye kipofu: popo huyu anaona vizuri, anatumia macho kama wewe. Kosa hilo tumeliona hata kwenye maandishi ya watu wazima.

Wanyama wengine wawekwe mahali pao. Kima punju asili yake ni Unguja, na anajulikana zaidi kwa msitu wa Jozani. Chui wa visasili vya wachawi ni wa Unguja pia. Simba wa ngano za zamani anaruhusiwa ndani ya hadithi anayosimulia bibi, lakini asije akanywa maji kisimani Micheweni.

Neno kuhusu dini: bibi anaomba dua, watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani, adhana inagawa siku. Hayo yaandike kama yalivyo. Usiigeuze aya kuwa ufunguo wa kufungulia pango au kumfukuzia zimwi. Utawaudhi wasomaji, na pia utakuwa umerudi kwenye pete ya kusugua.

Hatua ya nne: bahari ndiyo saa ya riwaya

Mwandishi wa bara hupanga hadithi kwa tarehe. Wa pwani anayo bahari, na bahari ikifuatwa vizuri hupanga msuko kuliko mwandishi.

Upepo wa kaskazi huvuma kiasi cha Disemba mpaka Machi, kusi tangu masika yanapokaribia kwisha mpaka kiasi cha Septemba, na katikati yake kuna maleleji, wakati upepo unapobadilika. Weka usiku saba wa Mize mwanzoni mwa kusi: upepo una nguvu, mvua za mwisho za masika bado zinanyesha, chemni iko hatarini.

Sasa maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvu, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, na katikati ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Visiwani petu, siku za bamvu maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa kiasi cha saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Usiku wa giza ni usiku unaozunguka mwezi mwandamo. Kwa hiyo, mtoto akianza siku tatu kabla ya mwandamo, maji yatakupwa kiasi cha saa moja na nusu usiku, bado hayatoki sana na yanamfika mapajani. Usiku wa nne, saa nne, mwamba umekauka. Usiku wa saba ni saa sita na nusu, kijiji kimelala, macho yake mazito. Kila usiku unachelewa zaidi, na hukulipa hata senti kwa ajili ya taharuki hiyo.

Tena kuna zawadi. Baada ya usiku wa saba maji yanajaa kiasi cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yaani jua linapochomoza, na pwani ya mashariki jua huchomoza baharini. Dau huvuka mwamba maji yakijaa. Kama umeamua baba arudi, hiyo ndiyo dakika yake. Kabla ya kuchapa, mpe mvuvi sura hizo asome, au linganisha na jedwali la maji la mwezi uliouchagua.

Makosa ya kawaida hapa: mwezi mpevu unaochomoza usiku wa manane (mpevu huchomoza wakati wa Magharibi, jua likitua), jua kutua baharini ukiwa pwani ya mashariki, jioni ndefu za saa mbili bado mchana, jambo lisilokuwepo karibu na ikweta, na ngalawa inayobeba watu 30. Ngalawa ni gogo lenye mirengu, ya watu wawili watatu. Dau ni la mbao. Jahazi ni kubwa zaidi. Mtoto wa mvuvi akikuta umechanganya, amekwisha kukudharau.

Suala la usalama lisiachwe. Mtoto wa miaka 10 hatembei peke yake mwambani usiku bila mtu kujua. Bibi akae ufukweni ameshika ncha ya kamba, na Faki, mdogo wake wa miaka 5, ahesabu mivuto: mmoja nimefika, miwili narudi. Kamba hiyo itakufaa sura ya 12.

Watu wa nyumba

Watano wanatosha: Mize, Faki, mama, bibi, na ami anayetaka taa izimwe kwa sababu mafuta ni fedha na huzuni yake haiwezi kuitazama. Ami asiwe mwovu. Ngano inapenda mwovu, lakini riwaya ya familia inaharibika pale adui anapokuwa jamaa bila sababu. Mpe sababu ambayo mtu mzima ataikubali.

Majina yabebe mahali: Faki, Kombo, Makame, Hamad, Mize, Bikombo kwa Pemba; Pandu, Vuai, Ameir husikika zaidi Unguja. Ndugu wa baba ni ami, ndugu wa mama ni mjomba, na usizichanganye, kwani haki na utani wao si mmoja. Akiitwa, Faki huitika naam, Mize huitika labeka. Hakuna mtoto anayeanza mazungumzo na mkubwa bila shikamoo, hata akiwa amebeba habari ya moto. Ukiiacha shikamoo kwa haraka ya msuko, msomaji ataona mtoto asiye na adabu, siyo mwandishi mwenye haraka.

Sura, na namna ya kuzigawa

Lenga maneno 14,000, sura 14, kila moja kiasi cha maneno 1,000. Kusoma kwa sauti sura kama hiyo ni dakika kumi hivi, na mzazi aliyechoka anaziweza.

Sura ya 1 nyumba ikiwa kamili, kaskazi inaanza, baba anaondoka. Ya 2 wavuvi wanarudi. Ya 3 kungoja. Ya 4 popo na masharti. Kisha usiku saba, na hapa ndipo watu hujikwaa: nyumba saba, sura saba, kila moja hodi, kikombe, kumbukumbu, taa. Sura ya tatu ya namna hiyo mtoto ameshajua itakavyokwisha. Usiwe na usawa. Usiku wa kwanza upe sura nzima. Wa pili na wa tatu uwaweke pamoja. Wa nne uupe sura mbili, kwa sababu ndipo mwenye nyumba anakataa na chemni inapasuka. Wa tano sura moja. Wa sita nusu ukurasa, umebandikwa mwanzoni mwa wa saba. Wa saba sura mbili. Zinabaki tatu: alfajiri, kurudishiwa kumbukumbu, na mkeka wa chakula tena.

Chemni ipasuke kweli. Isigundulike baadaye kwamba ilikuwa na ufa tu. Matumaini yasiyowahi kushindwa hayana uzito, na mtoto anaujua ushindi wa kupewa.

Lugha ya kitabu

Mlango wa ngano unao tayari: "Paukwa!" "Pakawa!" Utumie mara moja, mwanzoni, halafu uache. Kuurudia kila sura ni kama kupiga hodi ukiwa umeshaingia ndani.

Ngano za Unguja alizozichapa mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870 zinakwenda kwa ka: akaenda, akafika, akamwambia, akajibu. Kwa hadithi fupi ni mwendo mzuri. Kwa kurasa 80 unachosha kama mashine ya cherehani. Tumia "ka" kwa tendo linalokimbia, "li" kwa kuweka jambo, na "na" pale unapotaka msomaji asimame atazame.

Ngano za zamani zilikuwa na wimbo ndani yake, na wasikilizaji waliupokea. Tunga mmoja, mistari miwili, mizani nane kwa nane, vina viwe safi, uimbwe mara nne au tano katika kitabu kizima:

Kandili yangu kandili, usizime kwa upepo,
Njia ya baba ni mbali, umulikie alipo.

Mara ya mwisho badilisha neno moja au mawili tu: "sasa zima kwa upepo". Mtoto aliyeukariri atashtuka, na hutahitaji kueleza kilichotokea.

Neno matumaini lenyewe lisionekane zaidi ya mara tatu katika maneno 14,000. Linganisha:

"Mize alijawa na matumaini makubwa moyoni kwamba siku moja baba yake angerudi."

"Mize alifuta chemni kwa upindo wa kanga, akaitazama kwenye mwanga. Palibaki alama ya kidole. Akaifuta tena."

Ya pili ndiyo unayoitaka. Sheria hiyo hiyo kwa hotuba: bibi akianza kusema "wajukuu zangu, katika maisha haya", mpe muhogo wa kumenya na umnyamazishe.

Masimulizi yawe Kiswahili sanifu, mazungumzo yawe ya kwao: nshafika, n'takwenda, mie. Kidogo. Ukijaza kila mstari, mtoto wa Mjini Unguja atakwama na wa Pemba atahisi anachekwa. Ukitilia shaka neno, kamusi ya BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ina mengi ya visiwani ambayo kamusi nyingine hazina.

Kuijaribu kwa watoto

Rasimu ya pili ikikamilika, tafuta watoto 6 mpaka 8, wasiwe wako wala wa dada yako, uwasomee sura mbili mbili baada ya Alasiri. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo kwa adabu. Shika kalamu, weka alama pambizoni kila anapogeuka mmoja kutazama nje. Alama tatu kwenye aya moja, ikate. Kisha siku ya pili mwambie mmoja awasimulie wenzake yaliyopita. Anachokisahau hakikushika. Anachokiongeza mwenyewe mara nyingi ni bora kuliko ulichoandika.

Kwa kawaida huanguka sura ya 3, kwa kuwa kungoja kunachosha. Dawa ni kumpa Faki kosa la kitoto, mathalani amemwaga mafuta yaliyobaki. Sura inapata tendo, na uhaba wa mafuta umeshaelezwa.

Kurasa na picha

Maneno 14,000 kwa herufi za ukubwa wa 14 kwenye ukurasa wa A5, kiasi cha maneno 220 kila ukurasa, ni kurasa 64. Ongeza picha 10 za ukurasa mzima na kurasa 6 za mbele, unapata 80. Mitambo hukunja karatasi kwa mafungu ya 16, kwa hiyo 80 inakaa bila karatasi tupu. Ukifika 83, ama ukate ama ulipie kurasa nyeupe. Picha ziwe nyeusi na nyeupe. Rangi hupandisha gharama, na kandili katika giza inapendeza zaidi kwa wino mweusi. Kazi yako isajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kabla muswada haujaanza kuzunguka kwa watu.

Mchoraji asipewe maneno matupu. Mpe picha ya dau, ya kandili ikiwa imefunguliwa, ya popo akining'inia, na ya mwamba maji yakiwa yamekupwa. Mwambie mlango wa nyumba unatazama wapi, na kamba ya bibi inashikwa kwa mkono gani, kwani itachorwa mara nne. Michoro ikirudi, ikague na jedwali la maji mkononi. Usiku saba ule hauna mwezi angani, isipokuwa upande mwembamba kuelekea alfajiri siku za mwanzo, na baada ya Magharibi siku za mwisho. Kumi kwa moja amekuchorea mwezi mpevu, kwa sababu unapendeza. Urudishe.